Mgeni Huja na Mzigo Wake

Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa na hadithi moja niliyopenda mno kuisimulia. Niliisimulia katika vyumba vya walimu, katika siku za wazazi, na hata katika semina za walimu wa Kiswahili kila nilipoombwa kusema neno juu ya ufundishaji wa fasihi. Leo ninaisimulia tena, ila kwa nia nyingine. Nimekuja kugundua kwamba siku zote hizo nilikuwa nikiisimulia nusu tu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na uzito.

Mwaka wa 1992 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni ya wavulana huku pwani. Muhula ulikuwa umekwisha kuanza tulipoletewa mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza kutoka upande wa Marsabit. Alifika peke yake, sanduku lake la bati begani na akala miguuni. Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe, na kwa hakika hapakuwa na mahali pa kujificha kwa kijana yule. Wenzake walikicheka Kiswahili chake. Walizicheka akala zake. Walicheka pia namna alivyokuwa akikaa kimya katika bwalo la chakula, akiwatazama wengine wakimwaga uji uliowashinda.

Jumamosi ya kwanza mwalimu wa zamu aliwaruhusu wanafunzi waende ufuoni. Niliarifiwa baadaye kwamba mgeni wetu alisimama kando ya maji kwa muda mrefu, kisha akainama, akateka maji kwa kiganja, akayaonja na kuyatema. Jumatatu nilikuwa na somo la insha. Nikawauliza wanafunzi waniambie jambo moja waliloliona mwisho wa juma. Kijana yule, ambaye hakuwa amefungua kinywa chake darasani tangu siku aliyofika, aliinua mkono. Alisema: "Maji yote yale, mwalimu, na hakuna anayeyanywa?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Niliwanyamazisha, nikawaambia kwamba wao wamezaliwa wakiisikia bahari usiku na mchana, wakaizoea hata hawaioni tena. Sasa mtu ametoka mbali akaiona kwa niaba yao. Nikawapa insha ya kuandika juu ya bahari. Sijapata, kabla ya siku ile wala baada yake, kusahihisha insha nzuri kama zile. Mmoja aliandika juu ya babu yake aliyekuwa nahodha wa jahazi, mwingine juu ya chumvi inayobaki ukutani mwa nyumba yao wakati wa kusi. Wavulana waliokuwa wakiiona bahari kama ukuta wa nyuma ya nyumba wakaanza kuishangaa. Mwalimu mkuu alipata habari, na siku ya wazazi mgeni wetu akasimamishwa mbele ya umati, akapigiwa makofi.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nikiisimulia. Nilikuwa nikiimalizia kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanafunzi yeyote wa fasihi atatambua kwamba hadithi ya namna hii si yangu peke yangu. Ni kongwe, na imesambaa ulimwengu mzima. Aghalabu huenda hivi: kuna jamii iliyochoka, iliyojaa ujanja na dharau, ambamo kila mtu anajua bei ya kila kitu. Anaingia mtu kutoka nje, asiyejua mila za pale wala hila za pale. Anauliza maswali ambayo mtoto wa pale angeona haya kuyauliza. Kwanza wanamcheka, halafu wananyamaza, na mwishowe mioyo yao inalainika. Wakati mwingine mgeni huyo ni mtu, wakati mwingine ni mnyama, na wakati mwingine ni kiumbe kutoka sayari nyingine, kama yule wa filamu ya E.T. ya mwaka wa 1982, aliyefichwa na watoto katika nyumba iliyokuwa imeachwa na baba.

Si ajabu kwamba tunazipenda hadithi hizi. Sisi walimu hasa tuna haja nazo. Mtu akisahihisha mitihani kwa miaka ishirini, akaona vipawa vinavyopotea kwa kukosa karo na vyeo vinavyopewa wasiovistahili, hujenga gamba. Katika chumba cha walimu ni rahisi kukuta kwamba anayesema jambo kwa imani huonekana mjinga, na anayekejeli ndiye mwerevu. Hadithi ya mgeni asiye na hila hutuambia kwamba gamba hilo linaweza kubanduka, tena bila maumivu makubwa: ni kungoja tu mtu aingie mlangoni na kuuliza swali.

Mwaka wa 2005 nilikuwa Isiolo, nikingoja basi la kurudi nyumbani baada ya semina. Mtu mzima mwenye kofia alinijia, akanisalimu kwa heshima na kuniuliza kama ninamkumbuka. Sikumkumbuka mpaka aliponitajia shule. Alikuwa amesomea mambo ya mifugo na akawa afisa wa serikali. Tukaingia mkahawani tunywe chai. Nami, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikamsimulia hadithi yake mwenyewe, na makofi yake na methali yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwalimu, siku ile mimi sikushangaa. Nilikasirika."

Akanieleza. Mwaka ule kaskazini kulikuwa na ukame mkubwa. Kisima walichokuwa wakiteka maji kilikuwa kimekauka, na mama yake alikuwa amebaki na wadogo zake wawili na mbuzi wachache ambao bei yao sokoni ilikuwa imeanguka kwa sababu kila mtu alikuwa akiuza. Sehemu ya karo yake ilitokana na mbuzi hao. Alipofika ufuoni na kuona maji yasiyo na mwisho, akayaonja na kukuta ni chumvi, alihisi kama amefanyiwa mzaha. "Niliuliza lile swali," aliniambia, "kwa sababu nilitaka mtu mmoja aniulize: kwenu kukoje? Hakuna aliyeniuliza. Mlinipigia makofi."

Hakuyasema hayo kwa uchungu. Yeye ndiye aliyelipia chai. Lakini basi lilipoondoka nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa nimejenga sifa yangu ya ualimu juu ya huzuni ya mtoto, na nikaiita huzuni hiyo mshangao kwa kuwa jina hilo lilinifaa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizirudia hadithi za namna ile kwa jicho jingine, nikijiuliza swali moja: mgeni huyu amekuja na nini? Mzigo wake uko wapi, na je, msimulizi ameturuhusu tuufungue?

Nilianza na filamu ambayo wengi wa rika langu tuliitazama na kuangua kicheko, The Gods Must Be Crazy, iliyotengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini mwaka wa 1980. Kisa chake kinajulikana. Chupa ya Coca-Cola inatupwa kutoka kwenye ndege na kuangukia watu wa kabila la Wasani katika jangwa la Kalahari, watu ambao filamu inasema hawajui umiliki, wivu wala ugomvi. Chupa inaleta ugomvi, na mtu mmoja, Xi, anashika njia kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Njiani anakutana na ulimwengu wetu wa magari, bunduki na mahakama, na kwa macho yake tunajicheka wenyewe. Ni kichekesho chenye ustadi, na nakiri kwamba kilinifurahisha.

Lakini tazama mzigo uliofichwa. Aliyeigiza kama Xi aliitwa N!xau, mwenyeji wa upande wa Tsumkwe, kaskazini mashariki mwa Namibia. Hakuwa mtu aliyeokotwa jangwani asiyewahi kuona kitu cha kiwandani. Kabla ya filamu alikuwa amewahi kuchunga mifugo ya watu na kufanya kazi ya upishi. Na Tsumkwe ya wakati ule haikuwa bustani ya Edeni. Watu wake walikuwa wamepunguziwa ardhi chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, wamekusanywa mahali pamoja, na maradhi na pombe vilikuwa vikiwamaliza. Mwaka huo huo wa 1980 ilitoka filamu nyingine, ya kumbukumbu, iliyotengenezwa na John Marshall juu ya maisha ya mwanamke wa huko aitwaye N!ai. Ndani yake mtazamaji anawaona watu wa Tsumkwe wakielekezwa namna ya kuigiza mbele ya kamera za watengenezaji wa kile kichekesho, na anawaona pia askari wa Afrika Kusini wakitafuta vijana wa kuwaandikisha jeshini. Kumbe mahali pale pale palipopigwa picha za watu wasiojua bunduki ndipo vijana wao walipokuwa wakikabidhiwa bunduki.

Habari zilizochapishwa zilisema kwamba malipo ya N!xau kwa filamu ya kwanza yalikuwa dola mamia machache tu, ilhali filamu yenyewe ilizunguka dunia na kuingiza mamilioni. Tena kikaenezwa kisa kwamba aliziacha noti zake za kwanza zipeperushwe na upepo kwa kutojua fedha ni nini. Sijui kisa kinachoweza kumfaa mwajiri kuliko hicho. Mtu asiyejua fedha hahitaji kulipwa. Kwa filamu ya pili, iliyotoka mwaka wa 1989, N!xau alilipwa fedha nyingi zaidi. Namibia ilipata uhuru mwaka wa 1990, naye alifariki mwaka wa 2003 huko huko kwao.

Hapo ndipo nilipomwona mwanafunzi wangu. Mimi, kwa kiasi changu kidogo, nilikuwa Jamie Uys wa shule yetu. Nilimtaka mgeni asiye na mzigo kwa sababu mzigo ungeharibu somo.

Je, tuseme basi kwamba hadithi hizi zote ni uongo na tuzifukuze darasani? La hasha. Nilipoendelea kusoma niliona kwamba zile zilizodumu, zinazosomwa na vizazi baada ya vizazi, ndizo hasa zinazompa mgeni mzigo wake na kuuweka mahali panapoonekana.

Chukua riwaya ya Dostoevsky iitwayo Mjinga kwa lugha yetu, iliyotolewa kwa sehemu katika jarida moja la Urusi kati ya mwaka wa 1868 na 1869. Shujaa wake, Mwanamfalme Myshkin, anarudi Urusi kwa garimoshi kutoka Uswisi, alikokuwa akitibiwa kifafa. Ni mtu mwema kupita kiasi, na jamii ya matajiri wa Petersburg inamwona zuzu. Sasa msomaji aangalie jinsi anavyoingia: mkononi ana kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitambaa kilichochujuka, na ndicho mali yake yote. Anapofika nyumbani kwa jenerali, mtumishi wa mlangoni anamtilia shaka yeye pamoja na kifurushi hicho. Na akiwa anangoja, Myshkin hamwambii mtumishi wa chumba cha kungojea habari za ndege na maua. Anamweleza juu ya mtu aliyemwona akikatwa kichwa huko Ufaransa, na mateso ya yule anayejua kwa yakini kwamba atakufa. Mwandishi aliyajua hayo kwa nafsi yake. Mwaka wa 1849 Dostoevsky alisimamishwa mbele ya askari wenye bunduki pamoja na wenzake, wakasomewa hukumu ya kifo, kisha dakika za mwisho wakaambiwa kwamba hukumu imebadilishwa. Kifafa cha Myshkin nacho kilikuwa ugonjwa wa mwandishi mwenyewe.

Kwa hiyo wema wa Myshkin si wa mtu asiyejua ubaya. Ameuona, na bado hakubali kuwa na kejeli. Tena riwaya haitudanganyi juu ya mwisho. Wenyeji hawaponi. Mwanamke mmoja anauawa, mwuaji anapotelea gerezani, naye Myshkin akili zake zinazimika na anarudishwa kule kule Uswisi alikotoka. Mgeni alikuja, ila wenyeji walimtaka awatibu bila wao kubadilika, na mzigo wao ukaongezwa juu ya wake.

Mfano mwingine ni mwepesi zaidi, na walimu wa shule za msingi wanaufahamu. Mwaka wa 1958 Mwingereza Michael Bond alichapisha kitabu cha kwanza cha watoto juu ya dubu aitwaye Paddington, anayekutwa katika stesheni ya reli ya London akiwa na sanduku, kofia, na kibandiko shingoni cha kuomba atunzwe. Familia inamchukua, na kwa vituko vyake nyumba nzima inachangamka. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini kibandiko kile si cha kuchekesha. Bond alieleza kwamba alikuwa akiwakumbuka watoto wa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, waliopakiwa kwenye magarimoshi wakiwa wamefungwa vibandiko shingoni na mali yao yote katika sanduku dogo. Dubu huyu ametoka Peru kwa kujificha ndani ya meli, na ana shangazi mzee aliyemwacha nyuma katika makao ya wazee. Rafiki yake mkubwa mjini London ni mzee wa Kihungari mwenye duka la vitu vya kale, mgeni kama yeye, na kila asubuhi wanakunywa kakao pamoja. Mwandishi alijua kwamba mgeni hahitaji tu watu wa kumshangaa. Anahitaji pia mtu mmoja anayejua maana ya kutoka mbali.

Hata kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry, kinachopatikana kwa Kiswahili kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme, kina siri hiyo hiyo. Kilitoka mwaka wa 1943 mjini New York, mwandishi akiwa mbali na nchi yake iliyokuwa imetekwa. Wengi hukikumbuka kwa maswali ya mtoto yule wa sayari ndogo yanavyowaumbua watu wazima. Lakini tusisahau sababu iliyomwondoa kwao: aligombana na ua alilokuwa akilipenda, na safari yake yote ni safari ya majuto. Rubani aliyeanguka jangwani anapona kwa kuwa anamsikiliza mtoto huyo siku baada ya siku, hata pale ambapo kiu kinamkaribia na injini haijatengemaa.

Nimeirudia pia ile methali yetu, na naona kwamba nilikuwa nikiitumia kichwa chini miguu juu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anaponaje? Wazee waliotuachia methali hii walijua maisha ya nyumba zenye uhaba. Mgeni akifika, jiko linawashwa, kuku anachinjwa, na chungu kinatiwa kile kilichokuwa kimewekwa akiba. Watoto wa nyumba hiyo, waliolala siku tatu bila kitoweo, nao wanakula. Wenyeji wanapona kwa sababu wamempikia mgeni, na wanakula kutoka chungu kile kile. Asipopikiwa, hakuna anayepona. Sisi tulitaka kupona huku mgeni akisimama mlangoni na njaa yake, akituchekesha.

Walimu wenzangu, ninalo ombi moja. Tunapofundisha hadithi yenye mhusika wa namna hii, tusiishie kuwauliza wanafunzi jinsi mgeni alivyoibadilisha jamii. Swali hilo ni halali, na huenda likatokea mtihanini. Lakini tuongeze mengine: Mgeni huyu ameacha nini nyuma? Nani katika hadithi anamwuliza habari za kwao? Anaruhusiwa kukasirika? Mwishoni yeye mwenyewe amepata nini? Hadithi inayoweza kujibu maswali haya ni hadithi nzuri. Isiyoweza kuyajibu imemtumia mgeni kama kioo, na kioo hakina hali.

Nanyi wanafunzi, kila mwanzo wa mwaka huletewa wageni katika mabweni yenu. Mnawaita mamono. Najua desturi ni kuwacheka, na baadhi yenu mkiwa na huruma mnawashangilia kwa maneno yao ya ajabu. Niliyoyasema yanahusu yote mawili. Kicheko na makofi vinaweza kuwa kitu kimoja kwa anayevipokea.

Kwa miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa na mazoea madogo. Kila mwanafunzi mgeni alipoletwa, nilimtafuta jioni ya siku ya kwanza, kabla sijajua alama zake wala tabia yake, nikamwuliza: kwenu kukoje? Wengine walijibu kwa neno moja na kwenda zao. Mmoja alizungumza mpaka kengele ya kulala ikapigwa. Sikupata tena insha kama zile za mwaka wa 1992, na sikuwa na hadithi nyingine ya kusimulia katika semina. Lakini wawili watatu kati yao walipata ruhusa ya kwenda nyumbani wakati ulipofaa, na mmoja alimkuta baba yake akiwa hai.